Mkopo wa Siku 30, Karoti ya Miezi Mitatu

Usiku wa Jumamosi tarehe 10 Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliwaka moto. Jijini watu walililia jengo lile la msanifu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975. Huku Lushoto watu walipigiana simu wakiulizana jambo jingine: dalali wangu yuko wapi, na mzigo wa kesho nimpelekee nani? Kwa miaka mingi sehemu yake ya chini, soko la shimoni, ilikuwa mlango wa jiji kwa karoti, kabichi na viazi vya Usambara, na mlango huo ulifungwa kwa usiku mmoja.

Alhamisi iliyofuata, tarehe 15, Serikali ikaanza kukata tozo ya miamala ya simu. Ilikuwa kati ya Sh10 na Sh10,000 kwa muamala, kutegemea kiasi, na ilikuja juu ya ada ambayo kampuni zilikuwa zinakata tayari. Kisha Jumanne tarehe 27 Benki Kuu ikatangaza hatua za kuchochea mikopo. Ilitenga Sh1 trilioni ya kuzikopesha benki ili nazo zikopeshe kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka. Katika tangazo hilohilo ililegeza masharti ya uwakala wa benki: anayeomba hakulazimika tena kuthibitisha uzoefu wa biashara wa miezi 18, akatakiwa awe na kitambulisho cha Taifa au namba yake.

Yote hayo yalitokea ndani ya siku 17. Hayakupangwa pamoja, lakini yalimfikia mtu mmoja: mkulima wa Lukozi, Mlalo, Mtae au Soni ambaye mazao yake yanauzwa Dar es Salaam na fedha yake inarudi kwa simu. Soko lake liliungua, njia ya fedha yake ikapanda bei, na mkopo wa bei nafuu ukatangazwa kwa jina lake. Yale mawili ya kwanza yalimfikia papo hapo. La tatu wengi bado wanalisikia redioni.

Nimeufikiria sana mwezi ule, kwa sababu unaonyesha tulipofika na benki yetu. Nasema benki yetu nikimaanisha simu. Kwa watu wengi wa milima hii simu ndiyo benki ya kwanza waliyowahi kuwa nayo, na kwa wengi ndiyo ya mwisho. Watu wa huku ndio walioifanya benki, kwa kuaminiana kwao na kwa jasho la mawakala. Lakini ilipofika kukopesha, ilikuja na kalenda ya mtu wa mshahara. Na kumbukumbu ya biashara ya mkulima, ambayo ndiyo dhamana pekee waliyonayo wengi wetu, ikabaki mikononi mwa wengine. Hayo mawili yanarekebishika, na nitaeleza kwa nini nadhani yamechelewa.

Tuanze na hali ilivyokuwa. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 benki zilitaifishwa na NBC ikawa benki ya nchi nzima. Mwaka 1997 ikagawanywa, na NMB ikapewa matawi ya wilayani kwa kusudi la kuhudumia watu wa kipato kidogo. Lushoto tulikuwa na tawi, na posta nayo ilikuwapo. Lakini foleni ya benki ilikuwa ya walimu, wauguzi, watumishi wa mahakama na wastaafu. Mkulima wa Mtae aliyetaka kuweka fedha benki alipoteza siku nzima: kushuka alfajiri, kusubiri, kupanda jioni kama gari lipo. Kwa Sh30,000 safari hiyo haikuwa na maana. Fedha ikakaa ndani ya godoro, au ikageuka mbuzi, mabati, mbegu.

Fedha iliyotoka mjini ilipanda mlima kwa mikono ya watu. Kijana aliyekuwa Dar es Salaam alimkabidhi konda bahasha iliyofungwa kwa gundi, jina la mzee na kijiji vimeandikwa juu. Basi likifika Mombo linaanza kona za Soni, kilomita 33 hadi Lushoto mjini, na huko kuna mtu amekaa stendi tangu saa tisa anasubiri bahasha yake. Dereva wa lori la mboga alibeba fedha za wakulima kumi katika mfuko mmoja wa shati, na hesabu kichwani. Ninaheshimu sana kazi ile. Bahasha nyingi zilifika salama, na zile ambazo hazikufika zilimalizwa na wazee bila polisi.

Simu ilipoanza kuenea, watu walibuni benki kabla kampuni hazijabuni. Mtu wa mjini alinunua vocha, akaikwangua, akampigia mwenye simu wa kijijini na kumsomea tarakimu moja baada ya nyingine. Mwenye simu akaingiza salio lile kwake, akakata kidogo chake, akampa mama wa watu fedha taslimu. Mtandao ulishika juu ya kilima tu, kwa hiyo biashara hiyo ilifanyika kilimani.

Jambo kama hilo lilionekana Kenya pia. Mwaka 2005 Vodafone, kwa msaada wa mfuko wa maendeleo wa Uingereza, ilifanya majaribio pamoja na Safaricom na taasisi ya mikopo ya Faulu. Mpango ulikuwa wakopaji walipe marejesho kwa simu. Nick Hughes na Susie Lonie, walioongoza kazi hiyo, waligundua kwamba watu waliopewa huduma ya kulipia mikopo walikuwa wanatumiana fedha tu, mume kwa mke, tajiri kwa kibarua. M-Pesa ilipozinduliwa tarehe 6 Machi 2007 iliachana na mkopo na kujinadi kwa jambo moja, kutuma fedha nyumbani. Vurugu za baada ya uchaguzi, mwanzoni mwa 2008, zilifunga barabara na benki, na Wakenya wengi wakaitegemea simu kwa lazima.

Tanzania tuliipokea mwaka 2008 kupitia Vodacom, na mwanzo ulikuwa mzito. Nchi ni kubwa, mawakala walikuwa wachache, na hakuna anayeweka fedha mahali ambapo hajui ataitolea wapi. Ilibidi mawakala waenee kwanza. Walipoenea, mambo yalikwenda haraka. Uchunguzi wa FinScope wa mwaka 2009 ulikuta asilimia 16 ya watu wazima nchini wanatumia huduma rasmi za fedha. Ule wa 2023 ulikuta asilimia 76. Ongezeko hilo halikuletwa na matawi ya benki. Limeletwa na simu, na nyuma ya simu kuna meza ya wakala.

Ningependa msomaji wa mjini aione meza hiyo. Iko chini ya kibaraza cha duka, ina simu ndogo tatu au nne zilizofungwa raba, kila moja ya mtandao wake, na daftari la mistari ambamo kila mteja anaandika jina, namba, kiasi na sahihi. Wakala ana mfuko mmoja wenye sura mbili: noti mkobani na floti, yaani salio, kwenye laini. Siku ya soko kila mtu anataka kutoa, maana mboga zimeuzwa na vibarua wanadai. Saa tano asubuhi noti zimekwisha. Wiki ya kufungua shule kila mtu anataka kutuma ada. Noti zimejaa na floti imekwisha. Kwa hiyo wakala hukimbia na bodaboda kwenda tawini, mkoba wa fedha chini ya kitenge, katika barabara ambayo kila mtu anajua anakwenda kufanya nini. Anapata kamisheni ndogo kwa kila muamala, na hatari yote ni yake. Tukizungumza juu ya benki isiyo na majengo tukumbuke kwamba jengo limebebwa na wakala huyu.

Mwaka 2014 likaja jambo ambalo nchi nyingi za Afrika hazikuwa nalo: Tigo, Airtel na Zantel waliunganisha huduma zao ili mteja wa mtandao mmoja amtumie wa mtandao mwingine moja kwa moja, na Vodacom ikajiunga 2016. Mwaka huohuo wa 2014 Tigo ilianza kuwagawia wateja faida ya fedha zao zilizokaa katika akaunti za amana. Watu wengi hawajui kwamba kila shilingi iliyo kwenye simu lazima iwe na shilingi halisi iliyowekwa katika benki ya biashara, na kwamba shilingi hiyo huzaa. Kuigawa faida hiyo kwa mwenye fedha lilikuwa jambo la haki.

Kwa mkulima, simu ilibadilisha biashara ya mboga kwa upande mmoja na kuiacha ilivyo kwa upande mwingine. Karoti zinang'olewa, zinaoshwa mtoni, zinafungwa lumbesa, zinapakiwa jioni na kusafiri usiku zifike sokoni kabla hakujapambazuka. Zamani mkulima alingoja siku tatu au nne lori lirudi na fedha. Sasa meseji inaingia saa nne asubuhi. Lakini bei iliyomo ndani ya meseji bado ni neno la dalali. Akisema soko lilijaa mzigo wa Lushoto na wa Iringa, karoti zimeanguka bei, huna la kumjibu. Uko milimani na mzigo umeshauzwa. Simu imefupisha muda wa kusubiri fedha. Nguvu ya anayepanga bei haikuguswa.

Tozo ya Julai 2021 iliangukia hapo. Fedha ya mboga haikai; inatoka kwa dalali, inamfikia mkulima, anaitoa kwa wakala, anawatumia vibarua, anatuma ada. Kila hatua ilikuwa na makato yake. Nadhani waliopanga tozo walimwona mtu anayetuma mara moja kwa mwezi. Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30, mwaka uliofuata ikapunguzwa tena, baada ya kilio cha nchi nzima. Lakini katika miezi ile madalali na wakulima walirudia kubeba noti mfukoni, na mawakala wengine wakafunga meza.

Sasa nije kwenye mkopo, maana hapo ndipo simu ilipokuwa benki kamili. Novemba 2012 Safaricom na Commercial Bank of Africa walizindua M-Shwari nchini Kenya: akaunti ya akiba na mkopo, vyote ndani ya simu, bila fomu, bila picha, bila tawi. Mei 2014 Vodacom na benki hiyohiyo wakaleta M-Pawa Tanzania. Airtel wakawa na Timiza, Tigo wakaja na Nivushe, Vodacom tena wakaongeza Songesha kwa anayepungukiwa kumaliza muamala. Kwa mtu ambaye hakuwahi kuulizwa na benki yoyote kama anataka mkopo, kukopa Sh10,000 saa mbili usiku akiwa amekaa jikoni lilikuwa jambo kubwa. Mtoto anaumwa, dawa inanunuliwa. Silidharau hilo hata kidogo.

Lakini tazama muda wake. Mkopo wa M-Shwari ulikuwa wa siku 30, kwa ada ya asilimia 7.5. Mikopo mingine ya simu iliyofuata ilishika umbo hilohilo, siku 30 au pungufu. Mwezi mmoja unamfaa mwenye mshahara: anakopa tarehe 18, analipa tarehe 28. Unamfaa muuza vitumbua anayezungusha fedha kila siku. Karoti inakaa ardhini takriban miezi mitatu, na katika baridi ya Magamba inaweza kuzidi. Viazi na kabichi vivyo hivyo. Mkulima anahitaji fedha siku ya kupanda, kwa mbegu na mbolea na dawa, na hana shilingi mpya hadi siku ya kung'oa. Mkopo unaodaiwa siku ya 30 unamkuta na shamba la majani mabichi.

Hapo anafanya moja kati ya mambo mawili. Anauza mbuzi ili alipe, au anakopa pengine ili alipe huku. Chukua Sh100,000 kwa ada ya asilimia 7.5 kwa mwezi na uiendeshe miezi minne, ukikopa tena kila unapolipa: umelipa Sh30,000. Sasa chukua Sh100,000 hiyohiyo kwa asilimia 9 kwa mwaka, kiwango ambacho benki kubwa kama NMB na CRDB zimekitangaza kwa kilimo: kwa miezi minne ni Sh3,000. Zao ni lilelile na mvua ni ileile, na mmoja anamlipa mkopeshaji mara kumi ya mwenzake.

Najua jibu la wakopeshaji na lina ukweli wake. Mkopo mdogo una gharama ya kuuendesha, wakopaji wengine hawalipi, na asilimia 9 ya kilimo inatokana na msukumo wa Benki Kuu. Lakini jiulize kwa nini mkulima wa Lushoto haupati huo wa asilimia 9. Benki inataka hati. Mashamba ya Usambara ni vipande vidogo vilivyotawanyika, kimoja bondeni, kingine mteremkoni, kingine cha urithi ambacho ndugu watano wana sauti juu yake. Mwanamke anayelima kipande hicho kila siku mara nyingi jina lake haliko popote. Benki inataka pia kumbukumbu za biashara, na mkulima anasema hana.

Anazo. Zipo kwenye simu. Miaka minane ya kupokea fedha kutoka kwa madalali walewale, miezi ileile ya mavuno, kiasi kinachoongezeka au kupungua. Miaka minane ya kulipa vibarua na ada bila kukosa. Hakuna afisa mikopo aliyewahi kuwa na picha nzuri kuliko hiyo ya mkulima mdogo. Picha hiyo imo katika kompyuta za kampuni ya simu. Kampuni inaitumia kukokotoa aruhusiwe kukopa kiasi gani, kwa siku 30, kwa ada yake. Hawezi kuichukua na kwenda nayo benki ya jirani kudai mkopo wa msimu.

Milima hii imewahi kuishi na kumbukumbu iliyoshikwa na mwingine. Wilaya hii ilipoitwa Wilhelmstal, utawala wa Wajerumani ulianza mnamo 1907 kuwagawia wanaume kadi za kazi: kila mmoja atumikie walowezi siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa, na kadi ioneshe ametimiza au la. Mkopo wa simu haulingani na shuruti ile. Anayekopa amebonyeza mwenyewe, na hakuna askari mlangoni. Ninachokitoa katika historia ile ni kitu kimoja: kadi ilisema mambo ya Msambaa, na yeye hakuwa na nafasi ya kuiuliza wala kuisahihisha. Leo mtu anaambiwa na simu kwamba kwa sasa hastahili mkopo. Hakuna wa kumweleza kwa nini. Huenda laini yake ilifungwa Januari 2020, mwisho wa usajili wa alama za vidole ulipofika tarehe 20, kwa sababu vidole vilivyoshika jembe miaka 50 mashine haikuvisoma. Alipopata laini mpya akaanza upya kama mtu aliyezaliwa jana. Kompyuta inamwona mgeni. Kijiji kizima kinamjua.

Ndiyo maana vikoba, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, havikufa simu ilipokuja. Ukikaa katika kikao cha kikoba cha akina mama, utaona sanduku la chuma likiwekwa katikati, lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu wasio wa nyumba moja. Wakifika wote linafunguliwa. Katibu anasoma kilichomo kwa sauti, na kila mmoja anakumbuka salio la wiki iliyopita kwa kichwa. Hisa zinanunuliwa na kugongwa muhuri kwenye kijitabu. Mfuko wa jamii una bakuli lake. Aliyechelewa analipa faini. Anayeomba mkopo anaulizwa mbele ya watu: wa nini? Akisema wa mbegu ya viazi, kuna mwenzake anayejua shamba lake na atauliza kama ameshalima. Wanampangia arejeshe mavuno yakitoka. Mvua ya mawe ikipiga, wamesikia kabla hajafika kikaoni.

Kikoba kina ubaya wake. Fedha ni chache, kila mtu anazitaka mwezi uleule wa kupanda, na sanduku likiibwa limeibwa. Aibu ya kushindwa kulipa imewafanya wengine wahame kijiji. Lakini kinajua tofauti kati ya asiyetaka kulipa na asiyeweza kulipa wiki hii, na kujua tofauti hiyo ndiyo kazi kubwa ya benki yoyote. Mwaka 2019 Vodacom na Benki ya Posta, ambayo leo ni TCB, walileta M-Koba: michango ya kikundi ndani ya simu, na wanakikundi kuidhinisha fedha inapotoka. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 nayo ilivitambua vikundi hivi katika daraja lake la nne na kuvitaka visajiliwe. Napenda mwelekeo huo, mradi sauti ya kikao isipotee. Mwenzako kukuuliza mkopo ni wa nini ni ulinzi ambao simu peke yake haina.

Uthibitisho umetoka kwa programu za mikopo zilizojaa kwenye simu miaka ya karibuni, zile ambazo watu wanaziingiza katika jina moja la kausha damu. Unapakua, unakubali masharti ambayo hujayasoma, inachukua majina yote yaliyomo kwenye simu yako. Ukichelewa siku mbili, shemeji yako, mwalimu wa mtoto na mchungaji wanapata meseji kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni na kuzipiga marufuku. Ilikuwa hatua nzuri. Lakini mtu hakopi kwa riba ya namna ile kwa kupenda. Anakopa kwa sababu msimu umefika, ana shamba, hana mbegu, na hakuna mkopo mwingine wenye umbo la msimu. Ukizifunga programu 69 bila kuleta mkopo huo, haja inabaki palepale na ya 70 itaikuta.

Kuna jambo lingine la kuangalia kabla hatujaikabidhi simu kila kitu. Marekani kulikuwa na benki ya simu iliyoitwa Simple, iliyoanzishwa 2009, ikapendwa na vijana kwa sababu ilimwonyesha mteja fedha aliyonayo salama ya kutumia baada ya kutoa bili na malengo yake. Haikuwa na leseni ya benki. Ilikaa juu ya benki za wengine. Mwaka 2014 benki ya Kihispania, BBVA, iliinunua kwa dola milioni 117, na mwaka 2021 ikafungwa baada ya wenye mali kupanga upya biashara yao. Wateja walihamishiwa kwingine. Fedha zao hazikupotea, lakini hawakuulizwa. Hapa kwetu, Januari 2018, Benki Kuu ilizifungia benki tano ndogo kwa kukosa mtaji, zikiwamo Benki ya Jamii Njombe, ya Meru na ile ya wakulima wa Kagera. Bima ya amana wakati ule iliishia Sh1,500,000 kwa mwenye akaunti. Hizo tatu ziliwekewa matumaini ya kuwa karibu na mkulima, na ukaribu huo haukuziokoa. Mteja wa Njombe angalau alikuwa na mlango wa kwenda kusimama na kuuliza. Huduma ya simu ikifungwa, mtu wa Mlalo atasimama mbele ya wakala, ambaye naye hajui kitu.

Kwa hiyo ninaomba mambo ninayoamini yanawezekana kwa vyombo tulivyonavyo.

La kwanza ni kumbukumbu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na tuna Tume yake. Tuna mfumo wa Benki Kuu wa TIPS unaopitisha fedha kati ya benki na mitandao papo hapo. Fedha inapita, historia ya mtu haipiti. Mkulima awe na uwezo wa kubonyeza namba na kuruhusu taarifa za miaka mitatu ya miamala yake ziende benki aliyoichagua yeye, kwa siku alizoweka yeye, kisha mlango ufungwe. Asipokubali, zisiende. Aliyebadili laini au mtandao aruhusiwe kuunganisha historia zake kwa namba ya kitambulisho cha Taifa.

La pili ni muda. Mkopo wa shamba uanze na zao na uishe na mauzo. Kampuni inayoona miaka minane ya meseji za madalali inaweza kujua karoti za mtu huyu huuzwa Juni au Julai, na ikamdai Julai. Bei ikianguka, au mlima ukiporomoka na kufunga barabara ya Soni kama ilivyowahi kutokea katika mvua kubwa, siku za kulipa zisogezwe bila ada mpya. Hasara hiyo ibebwe kwa pamoja na ule mfuko wa Sh1 trilioni uliotangazwa kwa ajili ya kilimo. Siamini ulitangazwa uishie kwa wenye matrekta.

Na Lushoto wenyewe hatuhitaji kusubiri Dodoma. Halmashauri ya Lushoto na ya Bumbuli zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya, na madiwani ndio wanaoweza kushinikiza namna inavyotolewa hapa. Wakubali taarifa za M-Koba na za simu ya katibu wa kikundi kuwa ushahidi wa biashara, mahali pa makaratasi ambayo vikundi vya Mtae huyapigia chapa mjini kwa nauli inayomeza nusu ya michango. Wapange marejesho yaanze baada ya mavuno. Na wazingatie tarehe, maana mkopo wa mbegu unaotoka Mei umekuta mvua imekwenda. Masika yanaanza Machi. Maombi yapokelewe Desemba, yajibiwe ifikapo katikati ya Februari, na aliyekataliwa aandikiwe sababu.